Viza Inakupeleka, Hati Inakurudisha

Kipindi cha redio kwa wakimbizi walioko nchi jirani. Maandishi kwa ajili ya vikundi vya usikilizaji.

Sauti: watangazaji wawili, mwanamke (MTANGAZAJI 1) na mwanamume (MTANGAZAJI 2).

[Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka taratibu]

MTANGAZAJI 1: Tunawasalimu ninyi mlioko Nyarugusu, Kakuma na Kalobeyei, Nakivale na Kyangwali, Mahama, na Dzaleka kule Malawi. Tunamsalimu mama anayesonga ugali huku redio ikiwa pembeni, na vijana mliokusanyika kwenye kikundi cha usikilizaji. Karibuni.

MTANGAZAJI 2: Karibuni sana. Leo tunazungumzia safari. Hatuzungumzii ile ya kuhamishiwa nchi ya tatu kwa maisha mapya. Tunazungumzia safari ya muda: kwenda nchi nyingine kumtembelea ndugu, kwenda kusoma, au kwenda kufanya kazi, halafu muda ukiisha unarudi.

MTANGAZAJI 1: Na hapo kwenye kurudi, kaka, ndipo penye uzito. Watu wengi wanauliza, "Nitapataje viza?" Wachache wanauliza, "Nitarudije?" Mtu mwenye pasipoti ya nchi yake haumizi kichwa kwa swali hilo, kwa sababu viza ikiisha nchi yake inampokea. Mkimbizi anatoka katika nchi iliyompa hifadhi. Akitoka bila karatasi sawasawa, anaweza kujikuta viza imeisha huku, na kule alikotoka mlango umefungwa. Nyumbani alikokimbia nako hawezi kwenda. Sasa atasimama wapi?

MTANGAZAJI 2: Ndiyo maana leo tunasema: viza inakupeleka, hati inakurudisha. Chukueni kalamu. Kuna karatasi nne, na kila moja ina tarehe yake.

[Muziki mfupi]

KARATASI NNE

MTANGAZAJI 1: Karatasi ya kwanza ni kibali cha kutoka kambini. Hii inahusu kutembea ndani ya nchi uliyopo. Tanzania, chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998, mkimbizi anaishi kambini na akitaka kutoka anahitaji kibali. Kenya nako, mtu wa Kakuma au Dadaab anayekwenda Nairobi anahitaji kibali cha safari. Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi uhuru wa kutembea nchini, ingawa hata huko ni vizuri ofisi ya makazi ijue umekwenda wapi.

MTANGAZAJI 2: Kibali hicho hakivuki mpaka, dada. Hili tulisisitize. Kibali cha kukufikisha Kigoma au Dar es Salaam hakikufikishi Bujumbura wala Nairobi.

MTANGAZAJI 1: Sawa kabisa. Karatasi ya pili ni hati ya kusafiria ya mkimbizi. Hiki ni kijitabu kama pasipoti. Kinatolewa na serikali ya nchi iliyokupa hifadhi, na juu yake kimeandikwa kwamba kimetolewa kwa mujibu wa Mkataba wa 1951. Hakikufanyi kuwa raia wa nchi hiyo. Kinasema tu: mtu huyu ni mkimbizi, sisi tunamtambua, na anaishi kwetu kihalali.

MTANGAZAJI 2: Karatasi ya tatu ni viza. Hiyo inatolewa na nchi unayokwenda. Inasema unaruhusiwa kufika mpakani kwao kwa sababu fulani na kwa muda fulani.

MTANGAZAJI 1: Na ya nne ni kibali cha ukaazi. Wanafunzi na wafanyakazi wengi wanakipata baada ya kufika. Viza inakuingiza, kibali cha ukaazi ndicho kinachokuruhusu kukaa. Tuchukue mfano wa Italia. Mwanafunzi anayeingia kwa viza ya masomo ya zaidi ya miezi mitatu anatakiwa kuomba kibali cha ukaazi ndani ya siku 8 za kazi tangu alipofika. Akipumzika wiki tatu kwanza kwa sababu amechoka na safari, ameshachelewa.

[Muziki mfupi]

HATI YA KUSAFIRIA NI HAKI

MTANGAZAJI 2: Turudi kwenye ile hati ya kusafiria, kwa sababu ndiyo msingi. Je, mkimbizi anaomba fadhila, au ana haki?

MTANGAZAJI 1: Ana haki. Kifungu cha 28 cha Mkataba wa Geneva wa 1951 kinasema nchi zilizosaini zitawapa wakimbizi wanaokaa kihalali katika ardhi yao hati za kusafiria nje, isipokuwa kuwe na sababu nzito za usalama wa taifa au utulivu wa umma. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unasema jambo hilo hilo katika kifungu cha 6.

MTANGAZAJI 2: Kwa hiyo mtu ambaye bado ni mwombaji hifadhi, kesi yake haijaamuliwa?

MTANGAZAJI 1: Huyo asubiri kwanza uamuzi. Hati hii ni ya mkimbizi aliyekwisha kutambuliwa. Na Mkataba wa 1951 una nyongeza mwishoni inayoeleza mambo madogo madogo ya hati, nayo yana faida kubwa kwetu. Nitayataja matano.

La kwanza, ada ya hati haitakiwi kuzidi kiwango cha chini kabisa wanacholipa raia kwa pasipoti zao.

La pili, hati inakuwa halali kwa mwaka 1 au miaka 2, kwa uamuzi wa serikali inayoitoa.

La tatu, nchi iliyoitoa inakubali kumpokea tena mwenye hati wakati wowote hati ikiwa hai.

MTANGAZAJI 2: Hapo ndipo penye neno "inakurudisha".

MTANGAZAJI 1: Ndipo. Lakini sikilizeni la nne kwa makini. Katika hali za pekee, serikali inaweza kuweka muda mfupi zaidi wa kurudi, ila usipungue miezi 3. Maana yake, hati inaweza kuwa hai kwa miaka miwili huku ruhusa ya kurudi imeandikwa muda mfupi kuliko huo. Kwa hiyo ukikabidhiwa kijitabu, usitazame picha yako tu na kufurahi. Fungua ukurasa wa maelezo, tafuta tarehe ya hati kuisha, kisha tafuta kama kuna tarehe nyingine ya kurudi. Kama lugha inakutatiza, mpelekee mshauri wa sheria wa kambini akusomee.

La tano, ukiwa nje na hati inakaribia kuisha, balozi za nchi iliyoitoa, zile zilizopewa mamlaka hayo, zinaweza kuiongezea muda usiozidi miezi 6. Kabla ya kuondoka, uliza kama ubalozi wa nchi yako ya hifadhi kule unakokwenda umepewa mamlaka hayo.

MTANGAZAJI 2: Na wapi mtu anaanzia kuomba?

MTANGAZAJI 1: Anaanzia kwenye ofisi ya serikali inayoshughulikia wakimbizi. Tanzania ni Idara ya Huduma kwa Wakimbizi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani; kambini mnamwona mkuu wa kambi. Kenya ni Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, ile mnayoiita DRS. Uganda ni Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM. Ofisi ya HCR inaweza kukushauri na kukuandikia barua. Kitabu chenyewe kinatolewa na serikali.

[Muziki mfupi]

MPAKA WA JIRANI

MTANGAZAJI 2: Kuna hoja inasikika sana vijiweni. Kijana anasema: "Kongo, Burundi, Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zote zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Raia wanavuka bila viza. Mimi ni Mkongo, kwa nini nisivuke?"

MTANGAZAJI 1: Hoja nzuri, ila ina shimo katikati. Ruhusa hiyo inatokana na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010. Inamhusu raia wa nchi mwanachama anayesafiri kwa pasipoti au kitambulisho kinachokubalika cha nchi yake. Kuhusu wakimbizi, itifaki yenyewe inasema safari zao zitafuata mikataba ya kimataifa inayowahusu. Kwa hiyo tunarudi pale pale: Mkataba wa 1951, na hati ya kusafiria.

MTANGAZAJI 2: Na kama mtu akichukua pasipoti ya nchi aliyoikimbia ili avuke kwa urahisi?

MTANGAZAJI 1: Polepole hapo, ndugu zangu. Kifungu cha 1 cha Mkataba wa 1951, sehemu ya C, kinasema mtu anaweza kuacha kuwa mkimbizi kama kwa hiari yake amejirudisha chini ya ulinzi wa nchi ya uraia wake. Kuomba au kuhuisha pasipoti ya nchi hiyo kunaweza kuchukuliwa kuwa ishara ya jambo hilo, mpaka uthibitishe vinginevyo. Sisemi kwamba kila aliyefanya hivyo amepoteza ukimbizi. Nasema usifanye kabla ya kuongea na mshauri wa sheria. Pasipoti moja ya haraka inaweza kuleta maswali ambayo utayajibu kwa miaka.

[Muziki mfupi]

KUTEMBELEA, KUSOMA, KUFANYA KAZI

MTANGAZAJI 2: Tuje kwenye viza zenyewe. Tuanze na ya kutembelea. Tuseme dada yangu yuko Ubelgiji, ana harusi, ananiita.

MTANGAZAJI 1: Ubelgiji imo katika kundi la nchi za Ulaya ziitwazo nchi za Schengen. Viza yao ya muda mfupi inakuruhusu kukaa siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180. Tangu Juni 2024, ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90, na hairudishwi ukikataliwa. Hati yako ya kusafiria inatakiwa ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku unayopanga kuondoka kwao, iwe na kurasa 2 tupu, na uwe na bima ya matibabu ya safari ya yuro 30,000 au zaidi. Ombi linapelekwa si zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida si chini ya siku 15.

MTANGAZAJI 2: Na ndege ikipita uwanja mwingine wa Ulaya?

MTANGAZAJI 1: Hapo kuna mtego. Raia wa nchi kadhaa, zikiwemo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia, wanahitaji viza ya kupitia uwanjani hata kama hawatoki nje ya uwanja wa ndege wa nchi za Schengen, isipokuwa wale walio kwenye makundi yaliyosamehewa. Kwa hiyo kabla ya kununua tiketi, andika kila uwanja ambao ndege itatua, uulize kimoja kimoja.

MTANGAZAJI 2: Nikifika Ubelgiji, naweza kufanya kibarua kidogo nirudishe nauli?

MTANGAZAJI 1: Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini sheria ya viza haijui methali hiyo. Mgeni wa viza ya kutembelea hapewi jembe hata siku ya themanini. Akikamatwa anafanya kazi, anaweza kurudishwa, na safari inayofuata anaikuta imefungwa.

MTANGAZAJI 2: Basi tuje kwenye masomo.

MTANGAZAJI 1: Kwenye masomo tutofautishe njia tatu, maana watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ufadhili wa DAFI, unaotolewa kwa msaada wa serikali ya Ujerumani tangu 1992. Huo kwa sehemu kubwa ni wa kusoma chuo kikuu katika nchi hiyo hiyo uliyopewa hifadhi. Hauhitaji viza. Watu wanaupita wakikimbilia Ulaya, kumbe mlango uko karibu.

Ya pili ni mpango wa Kanada unaoendeshwa na World University Service of Canada tangu 1978, ambapo wanafunzi wa vyuo vya Kanada wanachangia gharama za wenzao wakimbizi. Mwanafunzi wa mpango huo anaingia Kanada akiwa mkaazi wa kudumu. Hiyo si viza ya muda.

Ya tatu ndiyo safari ya muda hasa. Mfano ni mpango wa Italia uitwao UNICORE, ulioanza 2019 kwa wakimbizi waliokuwa Ethiopia na baadaye kupanuliwa kwa nchi nyingine za Afrika. Ni wa shahada ya pili, ya miaka miwili. Mwanafunzi anakwenda kwa viza ya masomo, akifika anaomba kibali cha ukaazi kwa ajili ya masomo.

MTANGAZAJI 2: Kwa hiyo ukisikia "ufadhili", swali la kwanza ni: huu unanipeleka kama nani? Kama mkaazi wa kudumu, au kama mwanafunzi wa muda?

MTANGAZAJI 1: Na swali la pili: masomo yakiisha, nitarudi kwa karatasi gani? Usione aibu kuuliza. Anayeuliza njia hapotei.

MTANGAZAJI 2: Imebaki kazi. Hapa maneno ni mengi: Dubai, Saudia, Oman, Qatar.

MTANGAZAJI 1: Tuseme ukweli wote. Nchi sita za Ghuba, yaani Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Oman, Qatar, Kuwait na Bahrain, hazikusaini Mkataba wa 1951. Hazifungwi na mkataba huo kuitambua hati yako. Tena kazi nyingi za nyumbani kule zimekuwa chini ya mfumo wa kafala: ukaazi wa mfanyakazi unafungamana na mwajiri wake, yule kafili. Ukimkimbia kafili kwa sababu ya kupigwa au kunyimwa mshahara, unaweza kuhesabiwa mkosaji wa uhamiaji.

MTANGAZAJI 2: Na raia mwenye shida kule anakimbilia ubalozi wa nchi yake.

MTANGAZAJI 1: Wewe utakimbilia upi? Ile nyongeza ya Mkataba inasema wazi kwamba kupewa hati ya kusafiria hakukupi haki ya kulindwa na balozi za nchi iliyoitoa. Ndiyo maana wakala akikuambia, "Usijali, nitakupatia pasipoti ya Kenya" au "ya Uganda," jua anakupeleka mahali ambako jina lako halitakuwepo. Ukipatwa na tatizo, familia itamtafuta mtu ambaye kwenye karatasi hayupo.

[Muziki mfupi]

SWALI LA AFISA WA VIZA

MTANGAZAJI 2: Tufike sasa mbele ya dirisha la ubalozi. Afisa anauliza: "Muda ukiisha, utarudi wapi?"

MTANGAZAJI 1: Swali hilo linaangusha wengi. Sheria ya uhamiaji ya Marekani, kwa mfano, inamchukulia karibu kila mwombaji wa viza ya muda kuwa mtu anayetaka kuhamia, mpaka yeye mwenyewe amridhishe afisa kwamba sivyo. Nchi za Schengen nazo zinaweza kukataa zikiwa na mashaka kwamba hutaondoka kabla viza haijaisha. Kwa mkimbizi kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa hana shamba wala nyumba yenye hati ya kuonyesha.

MTANGAZAJI 2: Anaonyesha nini basi?

MTANGAZAJI 1: Anaonyesha alichonacho, bila kuongeza. Kwanza, hati ya kusafiria yenye haki ya kurudi iliyo hai kupita muda wa viza. Pili, karatasi ya familia, mume, mke au watoto wanaobaki. Tatu, barua ya shule au shirika analofanyia kazi kambini, hata kama ni kazi ya posho, ikisema nafasi yake inamsubiri. Nne, barua ya chuo au ya mwaliko, na uthibitisho wa nani analipa nini. Hakuna karatasi inayokuhakikishia viza. Lakini majibu yaliyonyooka, yanayolingana na karatasi, yana nguvu.

MTANGAZAJI 2: Na wale wanaoficha kwamba ni wakimbizi?

MTANGAZAJI 1: Wanajichimbia shimo. Hati yenyewe inasema. Kanada, mtu akibainika ametoa maelezo ya uongo, anaweza kuzuiwa kuingia kwa miaka 5. Uingereza, udanganyifu kwenye ombi unaweza kukufungia kwa miaka 10. Uongo wa dakika moja dirishani unamsubiri mtu mpaka mtoto wake mchanga aanze shule.

MTANGAZAJI 2: Akikataliwa bila kosa lake?

MTANGAZAJI 1: Achukue ile karatasi ya kukataliwa na aitunze. Inaeleza sababu. Kwa viza ya Schengen, aliyekataliwa ana haki ya kukata rufaa katika nchi iliyomkataa, na muda wa rufaa unahesabiwa kwa siku. Asikimbilie kuomba tena kesho yake kwa karatasi zile zile. Kwanza atafute kilichopungua.

[Muziki mfupi]

HESABU YA TAREHE

MTANGAZAJI 2: Tufanye hesabu pamoja. Tuseme msichana wa Nyarugusu amepata nafasi ya kusoma miaka miwili. Masomo yanaanza Oktoba mwaka wa kwanza, yanaisha Julai mwaka wa tatu. Hati yake ya kusafiria imetolewa Machi ya mwaka wa kwanza, ni ya miaka miwili. Itaisha lini?

MTANGAZAJI 1: Machi ya mwaka wa tatu. Miezi minne kabla ya masomo kuisha.

MTANGAZAJI 2: Hajakosea lolote, lakini yuko hatarini. Afanyeje?

MTANGAZAJI 1: Afanye mambo mawili kabla hajaondoka. Aiambie ofisi iliyotoa hati kwamba masomo yanaisha Julai, na aulize kama wanaweza kumpa tarehe inayofika huko. Kama haiwezekani, aulize ubalozi gani utaweza kuiongezea muda. Ubalozi ukikubali kuongeza miezi 6, hati itafika Septemba. Amevuka Julai akiwa salama. Asingoje Machi ifike ndipo aanze kupiga simu.

MTANGAZAJI 2: Na kuna umbali pia. Maombi mengi yanadai ufike mwenyewe kutoa alama za vidole.

MTANGAZAJI 1: Kutoka Nyarugusu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwa hiyo kile kibali cha kutoka kambini kinatakiwa kifunike siku ya miadi, siku za njiani, na siku mbili tatu za akiba. Miadi ikiwa Alhamisi na kibali kikiisha Jumatano, umepoteza vyote viwili.

[Muziki mfupi]

KABLA YA KUFUNGA BEGI

MTANGAZAJI 2: Tuseme kila kitu kimekubaliwa. Kuna la kufanya nyumbani?

MTANGAZAJI 1: Lipo, na linasahaulika. Nenda HCR na kwa ofisi ya serikali, uwaambie unatoka, unakwenda wapi, unarudi lini. Uhakiki ukifanyika na wewe hupo bila taarifa, jina lako linaweza kusimamishwa kwenye orodha. Likisimama, mgao unapungua, na hata kurudi kwako kunaleta maswali. Kama familia yenu ina kesi ya kuhamishiwa nchi ya tatu, uliza kwanza safari yako itaigusaje. Safari ya mtu mmoja inaweza kuchelewesha watu saba.

MTANGAZAJI 2: Na nakala za karatasi.

MTANGAZAJI 1: Mali bila daftari hupotea bila habari. Toa nakala ya kila ukurasa wenye maandishi: hati, viza, barua ya chuo, mkataba wa kazi. Nakala moja ibaki kwa mama au mwenyekiti wa bloku unayemwamini. Piga picha, mtumie ndugu. Na hati yenyewe usimpe mwajiri akuwekee. Hati ni yako.

[Muziki mfupi]

MATAPELI

MTANGAZAJI 2: Hatuwezi kumaliza bila kuwataja. Wanakuja na fulana safi, simu mbili, na karatasi zenye mihuri.

MTANGAZAJI 1: Huduma zote za HCR ni bure. Fomu ni bure, mahojiano ni bure, orodha ni bure. Ada ya viza ipo, lakini inalipwa ubalozini au kwenye kituo cha maombi kilichoidhinishwa na ubalozi, na unapewa risiti. Hailipwi kwa mtu kwa njia ya simu. Na hakuna mtu, awe nani, anayeweza kukuahidi viza kabla afisa wa ubalozi hajaamua.

MTANGAZAJI 2: Barua ya chuo je?

MTANGAZAJI 1: Tafuta chuo hicho mwenyewe kwenye intaneti, au mwombe mwalimu akutafutie. Waandikie kwa anwani uliyoikuta kwenye ukurasa wa chuo, usitumie ile iliyo kwenye barua aliyokupa wakala. Waulize: mnanijua? Jibu hilo linaweza kuokoa mbuzi wa familia na akiba ya miaka mitatu. Na ukigundua utapeli, toa taarifa kwa HCR au polisi hata kama umeshatoa pesa. Aliyekutapeli leo, kesho yuko bloku ya jirani.

[Muziki wa kipindi unaingia chini ya sauti]

MTANGAZAJI 2: Ndugu wasikilizaji, tufupishe. Kibali cha kambi kinakufikisha ubalozini. Viza inakufikisha nchi ya watu. Kibali cha ukaazi kinakuweka huko kihalali. Hati ya kusafiria ndiyo inayokurudisha. Ziweke tarehe nne kwenye karatasi moja, na tarehe ya kurudi iwe ya mwisho kuisha.

MTANGAZAJI 1: Sheria za viza zinabadilika, wakati mwingine kwa usiku mmoja. Kabla ya kulipa chochote, uliza ubalozi wenyewe na mshauri wa sheria wa kambini kwenu.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA USIKILIZAJI

1. Katika kambi yetu, ni ofisi gani inapokea maombi ya hati ya kusafiria, na siku zipi?
2. Kuna tofauti gani kati ya tarehe ya hati kuisha na tarehe ya haki ya kurudi kuisha? Mwenye hati aonyeshe wenzake ukurasa huo.
3. Kijana wetu ameahidiwa kazi Ghuba kwa pasipoti ya nchi isiyo yake. Tumwambie nini, na nani amwambie ili asikie?
4. Ni nani hapa anayeweza kusaidia kuhakiki barua ya chuo kwenye intaneti?

MTANGAZAJI 2: Jadilianeni bila haraka, na mwenye hofu asichekwe.

MTANGAZAJI 1: Anayesafiri asafiri salama, na anayerudi akute mlango wazi. Kwaherini.

[Muziki unapanda. Mwisho.]